Karatasi ya Kumi na Nne

Zakayo Wanyoike aliandika muziki kwa wino mweusi, karatasi moja kwa kila mpigaji, na kwenye kona ya juu kulia ya kila karatasi alitia jina lake: Z. Wanyoike. Penseli aliwaachia wengine. Alipobadilisha jambo katikati ya mazoezi, mpigaji mwenyewe ndiye aliyeandika badiliko hilo kwenye karatasi yake, kisha akaenda nayo nyumbani.

Utaratibu huo, kila mtu na karatasi yake, ulimpa Wanyoike sifa ya ugumu katika mji wa Eldoret. Baadaye ulimtesa kwa miaka tisa.

Alizaliwa mwaka wa 1948 karibu na Burnt Forest, kwa baba mkulima wa viazi. Tarumbeta alijifunza katika bendi ya kanisa. Kisha alikaa miaka tisa Nairobi katika bendi ya watu waliovaa sare, chini ya mkubwa mmoja aliyekuwa akimpa wimbo asubuhi na kuutaka jioni ukiwa umegawiwa vyombo ishirini. Hiyo ndiyo ilikuwa shule yake. Mwaka wa 1979 alirudi nyanda za juu akaanzisha Okestra ya Sosiani.

Haikuwa okestra kubwa. Ilikuwa na watu kumi na wanne: fidla tano, fidla kubwa mbili za kupigwa mtu akiwa ameketi, besi, filimbi, klarineti, tarumbeta mbili, kodiani na ngoma. Ilifanya mazoezi kila Jumamosi saa tatu asubuhi katika darasa la chekechea mtaani Huruma, watu wazima wakikunja magoti kwenye viti vya watoto. Ilipiga muziki mwepesi: nyimbo za kanisa zilizopewa mwendo wa dansi, nyimbo za kuvuna, nyimbo za harusi za Wakalenjin, Wakikuyu na Waluhya zilizovuliwa maneno na kuvikwa fidla. Jumapili mchana ilipiga katika hoteli moja ya mjini, watu wakila.

"Muziki wetu ni wa kula nao," Wanyoike alikuwa akiwaambia wageni wa okestra. "Mtu akiweka uma chini kusikiliza, tumefaulu. Nyama yake ikipoa, tumezidisha."

Kwa miaka kumi na mitano alikuwa na daftari kubwa kama la kiongozi mwingine yeyote, lenye mistari ya vyombo vyote pamoja. Mwaka wa 1994 aliliacha juu ya piano ya hoteli akaenda kunawa mikono. Mwezi uliofuata alisikia kazi yake, noti kwa noti, ikipigwa na bendi nyingine kwenye harusi mjini Nakuru. Hakumshtaki mtu. Alirudi nyumbani akalichoma daftari, na hakuandika jingine. Tangu siku hiyo muziki mzima ulikaa mahali pamoja tu, kichwani mwake, na vipande vyake vilikaa katika nyumba kumi na nne. Mmoja asipofika, hapakuwa na mazoezi. "Harusi bila bibi harusi," alisema, akawarudisha wote makwao.

Kazi yake nyingi ilikuwa kupanga nyimbo za watu wengine. Utunzi wake mwenyewe mkubwa ni mmoja. Unaitwa *Siku Tatu za Mahindi*, una dakika kumi na moja, na umegawanyika mara tatu: kuvuna, kuanika, kupakia magunia. Sehemu ya kuanika ndiyo aliyoijali. Vyombo vingine hushusha sauti taratibu, kimoja baada ya kingine, mpaka klarineti inabaki peke yake kwa karibu dakika mbili.

Dakika hizo mbili aliziandika kwa ajili ya mtu mmoja. Elkana Kimeli, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa kutoka Plateau, alikuwa amepiga klarineti katika okestra kwa miaka kumi na mmoja, na alikuwa na pumzi ndefu kuliko mpigaji yeyote ambaye Wanyoike aliwahi kumsimamia. Mwaka mzima wa 2007 Wanyoike aliugeuzageuza wimbo huo kufuata pumzi hiyo. Ongeza hapa, punguza pale, rudisha ile ya juzi. Kimeli aliandika kwa penseli, akafuta, akaandika tena. Kufikia Desemba kichwa cha Wanyoike kilikuwa na nyimbo sita au saba zinazofanana, na karatasi ya Kimeli peke yake ndiyo iliyojua ni upi uliokubaliwa.

*Siku Tatu za Mahindi* ilikuwa ipigwe hotelini saa saba mchana, tarehe mosi Januari 2008.

Matokeo ya uchaguzi wa rais yalitangazwa jioni ya tarehe 30 Desemba. Kabla ya giza vijana waliosema kura zimeibwa walikuwa wamefunga barabara, na nyumba za Wakikuyu zilikuwa zimeanza kuwaka. Kesho yake mchana Wanyoike, naye Mkikuyu, na mkewe, Nyakio, walitoka Huruma kwa miguu na mfuko mmoja wa nguo, wakielekea kituo cha polisi.

Kwenye kizuizi cha mawe na matairi walisimamishwa na vijana wapatao thelathini. Kati yao alisimama Kimeli, rungu mkononi. Alikuwa amekuja mjini kukaa kwa kakake kwa ajili ya mazoezi ya mwisho.

"Mzee, unatoka wapi? Unaitwa nani?" kijana mmoja aliuliza.

Wanyoike alihamisha mfuko wa nguo mkono wa pili. Kijana akamgeukia Kimeli.

"Wewe hushinda hapa tauni. Unamjua huyu?"

Kimeli aliangalia viatu vya Wanyoike. Vilikuwa viatu vyeusi vya kamba, vile vile vilivyosimama mbele yake kila Jumapili hotelini.

"Simjui," akasema.

Mara gari la polisi likatokea upande wa mjini. Vijana walitawanyika kando ya barabara, na Wanyoike na Nyakio wakapita. Nyumba yao iliteketea jioni hiyo. Kama daftari kubwa lingekuwapo, lingeteketea nayo.

Waliishi miezi mitano ndani ya hema katika uwanja wa maonyesho, pamoja na maelfu ya wengine, kisha miaka miwili Nakuru kwa dada yake Nyakio. Mwaka wa 2010 walirudi Eldoret wakapanga nyumba katika mtaa mwingine. Wanyoike alipata kazi ya kufundisha watoto wa shule moja ya binafsi kupuliza filimbi za plastiki. Nyakio anasema kwamba katika muda huo wote hakutaja okestra hata mara moja, ila vidole vyake vilikuwa vikigonga meza akisubiri chakula, na mdundo ulikuwa ule ule.

Aliyeanza kukusanya karatasi ni Nasike, mpigaji wa fidla ya kwanza, mwalimu wa shule ya msingi huko Moi's Bridge. Hakumwomba Wanyoike ruhusa. Kuanzia mwaka wa 2011, kila shule zilipofungwa alikwenda kumtafuta mwenzake mmoja, na kila alipofanikiwa alileta karatasi akaiweka juu ya meza ya Wanyoike, akanywa chai, akaondoka. Karatasi ya kodiani ilikuwa imefunika daftari la hesabu la mtoto wa darasa la nne. Ya besi ilikuwa kwa Jeconia, mpigaji wake, ndani ya Biblia, kati ya Ayubu na Zaburi. Ya filimbi ilikuwa imesafiri hadi Thika ndani ya sufuria. Mbili hazikupatikana, ya tarumbeta ya pili na ya fidla ya nne. Hizo Wanyoike aliziandika upya kwa siku moja, kwa sababu kazi yake ilikuwa kuwashikilia wengine tu, na alijua wengine wanafanya nini.

Kufikia mwisho wa 2016 zilikuwa kumi na tatu. Ya kumi na nne ilikuwa klarineti.

Alijaribu kuiandika mwenyewe, mara tatu. Nasike alizipiga zote tatu kwa fidla yake sebuleni.

"Ni nzuri," alisema. "Lakini si ule."

"Najua si ule."

Kilichobaki cha wimbo wenyewe kilikuwa noti saba. Mpigaji anayenyamaza kwa muda mrefu huandikiwa kwenye karatasi yake, kwa maandishi madogo, mwisho wa wimbo wa mwenzake, ili ajue pa kuingilia. Karatasi ya Nasike ilikuwa na noti saba ndogo za klarineti. Fidla ilitakiwa kuingia juu ya ile ya saba.

Februari 2017 Nasike alikuja bila karatasi. Alikataa kuketi.

"Mwalimu, nimepata ukumbi wa shule. Tarehe ishirini na mbili, mwezi wa nne. Wenzetu tisa wako hai na wako tayari. Wengine nitawatafutia wa kujaza. Agosti kuna uchaguzi. Tukipiga, tupige sasa, maana baada ya Agosti hakuna anayejua nani atakuwa wapi."

"Mtapiga bila sehemu ya katikati."

"Utoe mahindi shambani uyapakie bila kuyaanika? Yataoza, Mwalimu. Na hiyo karatasi unajua iko wapi."

"Iko kwa mtu asiyenijua."

Nyakio alikuwa jikoni, na mlango ulikuwa wazi.

"Petro alimkana Bwana mara tatu na bado akapewa kanisa," alisema bila kutoka. "Huyu wako alikukana mara moja, na wewe umemhesabia miaka tisa. Kwani wewe ni nani, Baba Njeri?"

Wanyoike alisema chai imepoa. Haikuwa imepoa. Ijumaa ya wiki hiyo alivipiga viatu rangi.

Walifika Plateau Jumamosi asubuhi, yeye na Nasike. Mvua za kupanda zilikuwa hazijaanza, na mashamba yalikuwa yamelimwa yakingoja. Kimeli alikuwa uani akiosha mitungi ya maziwa. Nywele zake zilikuwa zimeanza kuwa nyeupe juu ya masikio. Aliwaona, akafunga mfereji, akajipangusa mikono kwenye suruali kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Mwalimu," akasema.

"Kumbe unanijua."

Kimeli hakuinua macho. Viatu vilikuwa vile vya kamba.

"Nakujua."

Mkewe aliwatolea viti chini ya ukingo wa paa na chai ya maziwa. Hakuna aliyeulizia mvua wala ng'ombe, jambo ambalo katika boma la Plateau si la kawaida. Kimeli ndiye aliyeanza.

"Watu wengine huku wananiambia nilikuokoa. Ati ningesema nakujua, wangeuliza jina, na jina lingekumaliza. Hata pasta ameniambia hivyo. Inakuwa hadithi nzuri." Alizungusha kikombe. "Mimi sikufikiria hivyo, Mwalimu. Walinitoa kwa nyumba ya kakangu, wakanipa rungu, wakasema simama hapa. Niliogopa tu. Ningesema nakujua, ningekuwa upande wako wa barabara. Ndiyo maana nilisema simjui. Sitaki kukudanganya."

Wanyoike alikunywa chai yake hadi nusu.

"Karatasi iko wapi?"

"Niliichoma."

Nasike alifumba macho.

"Usiku uo huo walikuwa wanapita nyumba kwa nyumba wakitafuta nani ameficha nani," Kimeli alisema. "Karatasi ilikuwa na jina lako juu. Niliitia kwa jiko."

Wanyoike alisimama. Alishukuru kwa chai, kwa adabu, akachukua kofia yake. Alikuwa amefika karibu na lango Kimeli aliposema, bila kupaza sauti:

"Lakini wimbo uko."

"Uko wapi?"

"Naupiga. Kila asubuhi nikimaliza kukamua. Uliza mama hapa, amechoka nao."

"Nimechoka nao kabisa," mkewe alisema. "Hata ng'ombe wameshika. Akianza tu wanakuja kwa ua, wanafikiri ni chakula."

Klarineti ililetwa ikiwa imefungwa kwa shuka ya mtoto. Funguo mbili zilishikiliwa kwa ukanda wa mpira wa baiskeli, na ulimi wa mwanzi Kimeli aliuchonga mwenyewe kwa wembe. Wanyoike aliitazama kama daktari anavyotazama mguu uliofungwa vibaya. Alirudi kwenye kiti, akatoa ndani ya koti karatasi tupu yenye mistari, kalamu ya wino, na gazeti la kuandikia juu yake. Alikuwa amekuja nazo, ingawa hakuwa na sababu ya kuzibeba kama alikuja kuchukua karatasi iliyokwisha kuandikwa.

Alipeleka kalamu kwenye kona ya juu kulia, akasita.

"Weka jina, Mwalimu," Kimeli alisema. "Mahali pake."

Aliandika jina. Kisha, kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya kazi, mtunzi aliketi akaandika muziki wake akisomewa na mpigaji. Kimeli alipiga mstari mmoja, akangoja, akapiga mwingine. Ng'ombe watatu walifika kwenye ua na kusimama. Ulikuwa wimbo wenyewe. Wanyoike aliutambua kwenye noti ya nne, na tangu hapo hakuinua kichwa, isipokuwa mara moja kuomba mstari urudiwe, na mara moja kumwambia Nasike aache kuvuta pumzi kwa kelele.

Walipofika kwenye zile noti saba, Kimeli alizipiga, akanyamaza, mguu wake ukagonga udongo mara nne, kisha akaendelea.

"Hapo umekosea," Wanyoike alisema.

"Hapana."

"Hapo hakuna kunyamaza. Fidla inaingia juu ya noti yako ya saba, mnaendelea pamoja. Iko kwenye karatasi ya Nasike, kwa mkono wangu."

"Najua, Mwalimu. Ndiyo maana nangoja."

"Unangoja nini?"

"Nangoja aingie." Kimeli alielekeza klarineti kwa Nasike. "Huku hakuna fidla. Miaka ya kwanza nilikuwa napita tu, lakini haikuwa inakaa sawa. Sasa nikifika hapo nanyamaza kidogo, ninamsikia, halafu naendelea. Mapigo manne. Siongezi, sipunguzi."

"Piga tena."

Alipiga tena. Mapigo manne. Wanyoike alimrudisha mara tano, na mara tano alihesabu kwa kidole juu ya goti. Kimeli hakuteleza hata nusu pigo. Nasike alikuwa amegeuka akitazama ng'ombe.

Wanyoike aliandika mapigo manne ya kimya, akaendelea hadi mwisho, akaupuliza wino ukauke. Hawakukumbatiana. Alimwambia Kimeli mazoezi ni Jumamosi saa tatu, na kwamba atafute ulimi mwingine, ule unasikika kama mlango.

Kesho yake baada ya ibada alizitandaza karatasi zote kumi na nne juu ya meza ya Nyakio. Nasike, aliyelala kwao, alidhani anazilinganisha ili aikate ile ya Kimeli ifae. Badala yake aliivuta karatasi ya fidla ya kwanza, akakata mstari kwa wino baada ya zile noti saba ndogo, akaandika juu yake mapigo manne ya kimya. Kisha ya fidla ya pili. Kisha ya tatu.

"Mwalimu," Nasike alisema, "mwaka wa 2003 ulinitoa nje ya mazoezi kwa kuongeza pigo moja."

"Ulikuwa umekosea."

"Na huyu?"

"Huyu anahesabu." Alichovya kalamu. "Nipe ya besi."

Ilimchukua hadi saa tisa. Karatasi ya kodiani ilikuwa bado na majibu ya hesabu za mtoto upande wa nyuma, na matatu kati yake, alisema Wanyoike, hayakuwa sahihi.

Tarehe 22 Aprili watu wasiozidi mia mbili walikaa katika ukumbi wa shule. Wapigaji kumi walikuwa wale wa zamani, na wanne walikuwa wageni. Hapakuwa na chakula, kwa hiyo hapakuwa na uma wa kuwekwa chini, jambo ambalo Wanyoike alilalamikia kabla ya kuanza. Sehemu ya kuvuna ilikwenda haraka kidogo. Katika kuanika vyombo vilishuka kimoja kimoja, na Kimeli akabaki peke yake, macho yake kwenye karatasi ambayo hakuihitaji.

Alipiga noti ya saba akanyamaza. Okestra nzima ikanyamaza naye. Mtu mmoja safu ya nyuma alidhani wimbo umekwisha akaanza kupiga makofi, na wawili watatu wakamfuata.

Wanyoike hakugeuka. Mkono wake ulikuwa juu, na waliokaa mbele waliona midomo yake ikihesabu: mbili, tatu, nne. Nasike akaingia.